Maksi Tisini na Nne kwa Waini Nisiyoionja

Jamani, mmeniuliza kwa zamu. Dukani mmeniuliza, kijiweni mmeniuliza, hata kinyozi alisimamisha mashine nusu ya kichwa changu akitaka kwanza nimwambie: Shija, Geita kulikuwaje, na mbona zile stetasi zako za waini umezifuta zote? Mimi nikawa nacheka na kuanzisha habari za mpira. Kusimulia kwa mdomo nimeshindwa, nikifika katikati uso unapata moto. Basi nimeandika. Kila mtu asome akiwa kwake, na anayetaka kucheka achekee huko huko.

Tiketi, nauli na kuomba ruhusa kwa bosi nayaruka. Lakini kabla ya safari lazima nikiri jambo moja, la sivyo hamtaelewa lolote.

Kila Ijumaa mlikuwa mnaona nimepiga picha chupa moja ya pale dukani kwetu Ngokolo, imesimama dirishani mwanga ukiipenya, na chini nimeandika: "Tunda jeusi lililoiva, ngozi, tumbaku, na mwishoni udongo uliolowa mvua. Inakaa mdomoni. Maksi 94." Mkadhani nimeifungua. Sikuifungua. Chupa ya dukani ni ya kuuza, bosi wangu hawezi kunifungulia nionje. Maneno niliyatoa kwenye video za Wazungu wanaozungusha glasi na kuinusa, maelezo na maksi yameandikwa chini, nazitazama wateja wakipungua, nusu naelewa kwa Kiingereza changu cha kidato cha nne, nusu najazia. Kwa mdomo wangu mwenyewe nilikuwa nimeonja waini mara tatu tu, zote za sukari, kwenye harusi za watu. Sikuona kama ni uongo. Niliona kama nawaletea watu habari za mbali. Wateja wakawa wanakuja, "Nipe ile ya maksi tisini." Mkaniita Profesa. Nililipenda hilo jina, siwafichi. Nilikuwa nalala nikijiona nimevaa suti, naitwa harusi za Mwanza na Dodoma kuonja na kuamua.

Ndipo akanipigia Mama Anitha. Ana mgahawa Kalangalala, pale Geita, anapikia wachimbaji na madereva. Binti yake wa pekee alikuwa anafanyiwa sendofu, sherehe ya kumuaga kabla ya harusi, na upande wa mume ni watu wa maofisini. Shangazi wa bwana harusi alikuwa amesema mbele za watu kwamba kijana wao anaoa kwa watu wa vumbi. Maneno yakamfikia Mama Anitha. Kwa hiyo alitaka pale meza kuu kuwe na kitu ambacho wakwe hawatakitia kasoro, na mtu alikuwa amemwonyesha stetasi yangu.

"Profesa, shikamoo," akasema kwenye simu.

Mama wa umri wa mama yangu ananiamkia mimi. "Hapana mama, mimi ndiye wa kukuamkia. Shikamoo."

"Marahaba mwanangu. Nilidhani ni mtu mzima. Maneno yako ni ya mtu mzima."

Tukakubaliana chupa sita za ile ya maksi tisini na nne, nizilete mwenyewe na nizieleze mbele za wageni. Mwishoni akauliza, kwa sauti ya kusitasita, "Nina juisi yangu ya ukwaju, wateja wanaipenda. Niiweke na yenyewe meza kuu?"

Nikamjibu haraka, "Meza kuu hapana, mama. Ukwaju utaua ladha ya waini. Iweke kule nyuma, kwa watoto."

Akakubali: "Sawa mwanangu. Wewe ndiye unayejua."

Hilo la ukwaju mliweke akilini.

Shinyanga mpaka Kahama

Nilivaa koti jeusi la binamu yangu na shati jeupe nimefunga vifungo mpaka shingoni, nikapakata boksi langu kama mtoto mchanga. Pembeni yangu akaketi bibi mmoja mwembamba, amejitanda khanga mbili, rozari mkononi. Tukaamkiana. Akalitazama boksi, akaikagua picha ya chupa iliyochapwa pembeni, akalitazama koti.

"Ni divai hiyo?"

"Ndiyo, bibi."

"Tumsifu Yesu Kristo."

Nikajibu kama tulivyofundishwa utotoni, "Milele na milele, amina." Huko kujibu ndiko kulikonifunga. Bibi akageuka kwa kondakta. "Wewe, mtolee katekista hilo gunia miguuni. Humwoni amebeba divai ya misa?"

Gunia likaondolewa. Baba mmoja wa mbele akanipa mto wake wa kukalia. Ningeweza kusema pale pale kwamba nauza duka. Neno lilifika mpaka kwenye meno. Lakini miguu ilikuwa imepata nafasi, na watu walikuwa wananitazama kwa heshima ambayo sijawahi kuiona hata kwetu, nikaona nitasema mbele kidogo.

Karibu na Tinde mkanda wa injini ukakatika. Tulikaa kando ya barabara mpaka jua likapita utosini, fundi akisubiriwa kutoka mjini. Mchuuzi mmoja alikuwa anauza karanga, zikaisha. Bibi akafungua kifurushi chake, akatoa matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa juani, akanimegea nusu nzima. Nikamwambia yanatosha, akasema, "Kula, ng'wanawane, kula mwanangu. Atumikiaye altare hali njaa nikiwepo."

Nilikula. Yalikuwa matamu, yanakwama kwenye meno kama ya nyumbani. Nikala la pili.

Kahama mpaka Runzewe

Kahama tulisimama muda wa kununua maji tu, dereva akawa anafidia muda. Kabla ya Ushirombo akaruka tuta bila kupunguza. Mimi nilikuwa nimelala. Boksi likaniponyoka, likapiga chuma cha kiti, nikasikia kile kishindo cha kioo.

Chupa moja ilivunjika. Waini ikatoka chini ya boksi, nyekundu, ikaanza kutiririka kwenye njia ya katikati kuelekea miguuni mwa watu.

"Msikanyage," bibi akasema. Akasimama, basi likiwa linayumba, akavua khanga moja, akapiga magoti kwenye ile njia ya basi. "Inueni miguu. Ni divai ya Bwana."

Watu wakainua miguu. Basi zima. Mwanamume mmoja mnene alipakata magoti yake yote mawili kama mtoto. Bibi akawa anafuta polepole kwa khanga safi, anaikunja upande uliolowa ndani, anafuta tena, midomo inasali. Mimi nimekaa. Nilisema, "Bibi, acha, nitafuta mimi," naye akasema, "Wewe zilinde hizo nyingine."

Sikusema. Hata pale sikusema. Kila dakika iliyopita ilifanya kusema kuwe kugumu zaidi, maana sasa ningemwambia nini, mwanamke amepiga magoti?

Alishuka Runzewe. Khanga ile hakuifua wala kuitupa, aliifunga fundo akaiweka ndani ya kikapu. Akaniachia matobolwa yaliyobaki na akaniomba jambo moja. Mwanawe, Mhoja, aliingia machimboni kabla ya mvua na hajaleta neno. "Ukifika altareni, mtaje."

"Nitamtaja, bibi."

Jumapili iliyopita nilikwenda kanisani nikamtaja. Nilikaa benchi la nyuma kabisa. Sikujua namna nyingine ya kulipunguza lile jambo, na halikupungua.

Katoro

Katoro basi lilisimama kushusha mizigo, na mimi nilihitaji chupa moja ya kufidia. Mle sokoni nikaelekezwa kwa Mzee Kanti, Mhindi anayeuza vinywaji vya jumla, duka refu lenye giza la kupendeza na harufu ya maboksi. Alikuwa anakunywa chai kwenye kisahani.

Nikamwonyesha chupa yangu. "Unayo kama hii, mzee?"

"Ninazo. Subiri nizifute vumbi."

"Mbona zina vumbi?"

"Kwa sababu haziondoki."

Nikaona nimtetee mtoto wangu. "Hii ina maksi tisini na nne."

"Nani kaipa?"

"Wataalamu."

"Wanakaa Katoro?"

"Wako nje huko."

"Aa," akasema, akapuliza chai. Akauliza napeleka wapi, nikamweleza sendofu, wakwe, meza kuu. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mimi sinywi, kijana. Dini imekataa, na tumbo nalo limekataa. Nimeziuza hizi chupa tangu nywele zangu zikiwa nyeusi mpaka zimekuwa nyeupe hivi, sijui hata moja ikoje."

"Sasa unajuaje ipi nzuri?"

"Naangalia chupa ya pili. Ya kwanza mtu ananunua kwa maneno, yangu au ya hao wako wa nje. Ya pili ananunua kwa mdomo wake." Akaigusa ile yangu shingoni. "Hii wanaorudi ni wawili, daktari mmoja na mhandisi mmoja. Wanakula nayo nyama ya mafuta, na kwanza wanaipoza. Watu wa shughuli wakiichukua hawarudi. Wanarudia hii ya Dodoma, yenye sukari. Nikubadilishie nne, ubaki na mbili za wanaojua. Chupa kwa chupa, sina neno. Na hizo mbili uzipoze."

Mnaona. Mtu asiyenijua, hana faida yoyote, ananiokoa huku anakunywa chai. Mimi nikamjibu nini? Nikamjibu, "Nyekundu haiwekwi kwenye friji, mzee. Inanywewa katika joto la chumba."

Mzee Kanti akainua macho akatazama bati la duka lake, lilikuwa linalia kwa jua. "Chumba cha nani?" akauliza.

Honi ya basi ikanisaidia. Nikachukua chupa moja yenye vumbi nikaondoka. Ningekubali kubadilisha, ina maana maksi zangu zilikuwa upepo, na mimi nilikuwa nimeshaziandika mbele ya watu. Wakati wa kurudi, basi liliposimama pale pale, niliinama nikajifanya nafunga kamba za viatu mpaka tukaondoka. Viatu vyenyewe havina kamba.

Geita, ukumbini

Nililala kwa jirani yake Mama Anitha, kesho yake saa saba nikawa ukumbini. Sendofu ilikuwa ya alasiri, kwa sababu usiku ukumbi ulikuwa wa watu wengine. Bati tupu juu, feni mbili, moja haizunguki. Jikoni nyuma alikuwepo Mama Suzi, mpishi mkuu, ana beseni kubwa la barafu lenye soda na bia. Nilipogeuka nikakuta ameshalaza chupa zangu mle ndani.

Nikazitoa zote. Moja moja, nazifuta kwa leso.

"Zitachemka huko, mwanangu," Mama Suzi akasema.

"Hii siyo soda, mama. Ukiipoza unaiua."

"Kwani sasa hivi iko hai?"

Wasaidizi wake wakacheka. Mama Anitha akaingia, kitambaa kimefungwa kichwani kimesimama kama taji, mzuri, ana wasiwasi. "Mwacheni," akasema. "Yeye ndiye anayejua." Nikazipanga chupa meza kuu upande wa dirisha, jua lizipige, maana nilitaka zitoke vizuri kwenye picha.

Saa tisa na nusu mshereheshaji akaniita. Nikashika kipaza sauti. Nadhani ilikuwa saa nzuri kuliko zote nilizowahi kuishi. Nikasema, "Ndugu wageni, katika glasi zenu mtasikia tunda jeusi lililoiva. Mtasikia ngozi, tumbaku, na mwishoni udongo uliolowa mvua."

"Profesa," mshereheshaji akadakia, "hawa unaowaona huku nyuma wametoka chini kwenye duara, shimo la dhahabu, asubuhi. Udongo uliolowa wameshinda nao wiki nzima. Leo walitegemea kitu kingine."

Ukumbi ukacheka, na mimi nikacheka.

Ilikuwa imepangwa hivi: Mama Anitha ammiminie shangazi wa bwana harusi kwa mkono wake, wagonganishe glasi, wanywe wote wawili, ndipo watu wote wagonganishe. Kwao hiyo ndiyo ilikuwa namna ya kusema tumepokeana. Shangazi, mama wa makamo, miwani ya mnyororo, alipokea kwa mikono miwili vizuri kabisa. Wakagonga. Akanywa funda moja.

Mdomo wake ukasimama. Akaimeza, nikaona ilivyopita. Akaiweka glasi mezani, akavuta kisahani cha keki akakiweka juu ya glasi, taratibu, kama mtu anayefunika kitu kisiingie nzi. Akamwambia mwenzake wa pembeni, wala hakunong'ona, "Imechacha. Au ndivyo wanavyokaribisha wakwe huku."

Mama Anitha alisikia. Alikuwa bado amesimama na glasi yake. Akaiinua akainywa yote, mpaka tone la mwisho, halafu akajimiminia nyingine akainywa nayo. Koo lake lilikuwa linapanda na kushuka, mimi nalitazama. Baadaye ndipo nikajua kwamba hajawahi kunywa kileo maisha yake yote.

Muziki ukapigwa. Nikateleza nyuma, jikoni.

Palikuwa na chupa yenye mabaki. Nikachukua kikombe cha plastiki, nikamimina, nikaonja. Ndiyo mara yangu ya kwanza kuionja ile waini. Ilikuwa ya moto kama chai iliyosahauliwa mezani, na inavuta ulimi kama nimetafuna ndizi mbichi. Nikatafuta ngozi. Nikatafuta tumbaku. Nilitafuta kweli, nimefumba macho, kama mtu aliyeangusha ufunguo majanini.

Mama Anitha akaingia ameshika mlango, macho yana maji. Nikajua sasa anakuja kunipiga kofi, nikasema moyoni alipige tu.

"Nisamehe mwanangu," akasema.

Nikamtazama.

"Umetoka mbali, umetuletea kitu cha maana, na sisi hatujui kukinywa. Nimejitahidi, nimekunywa mbili. Hiyo ngozi sijaisikia. Labda midomo yetu imezoea dagaa. Usituchukie."

Jamani, kofi lingekuwa afadhali. Yule mama alikuwa amekiamini kinywa changu kuliko chake, na chake kilikuwa kinamwambia ukweli.

"Mama," nikasema, "na mimi ni leo."

"Leo nini?"

"Kuionja. Ndiyo mara ya kwanza, hapa, sasa hivi."

Mama Suzi akaacha kukoroga. Mama Anitha akauliza, "Na yale maneno?"

"Niliyasoma."

"Na maksi?"

"Za watu wengine. Nikaziandika kama zangu."

Akaketi juu ya kreti la soda. Kitambaa chake kikawa kimelala upande. Hakunitukana. Alisema tu, kama anayejiambia mwenyewe, "Yule mama anadhani nimempa kilichooza makusudi. Na mwanangu ndiko anakokwenda kuishi."

Nyuma ya jikoni kuna geti dogo, linatokea barabara ya stendi. Nililitazama. Siwafichi, nilianza hata kuhesabu hatua. Kisha nikamwona Anitha kwa pale mlangoni, amekaa meza kuu amejipamba, anatabasamu kwa kulazimisha, macho yanamtafuta mama yake. Nikaenda meza kuu.

Nikachuchumaa pembeni ya kiti cha shangazi. "Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Wewe si ndiye profesa?"

"Siyo, shangazi. Mimi nauza duka Shinyanga. Waini haijachacha, ila haikutakiwa kunywewa ya moto, na wao walitaka kuipoza, mimi nikawakataza. Mama Anitha hana kosa. Mimi ndiye niliyemchagulia, na nilikuwa sijawahi kuionja."

Akashusha miwani. "Hujawahi kuionja, na ukatusimulia ngozi na tumbaku."

"Ndiyo, shangazi."

"Kwa hiyo ulikuwa unatusomea."

"Ndiyo."

"Basi nenda kasemee pale uliposomea."

Nikasema kwenye kipaza sauti. Sikumbuki maneno yote, nakumbuka feni ikilia. Nilisema Mama Anitha aliniamini, na kwamba nilichoagiza ni kile nilichokisoma kwa mtu aliye kwenye chumba cha baridi, mimi nikakileta chini ya bati la Geita. Sauti moja kutoka nyuma ikasema, "Mpeni sifuri." Wakacheka, wakacheka sana. Mshereheshaji akatangaza kwamba profesa amerudishwa darasa la kwanza na aje na mzazi. Nilisimama mpaka walipomaliza. Sikujua kama naruhusiwa kuondoka.

Shangazi hakucheka. Alimgeukia Mama Anitha aliyekuwa amerudi kwenye kiti chake. "Mama Anitha, wewe kwako mgeni unampa nini?"

"Juisi ya ukwaju tu," akajibu kwa sauti ndogo. "Natengeneza mwenyewe."

"Iko wapi?"

"Kule nyuma, kwa watoto."

"Nani ameiweka kwa watoto?"

Mama Anitha akanitazama. Mimi nilikuwa hatua tatu kutoka kwake, kipaza sauti mkononi. Angeweza kunyoosha kidole, ningestahili.

"Tuliona ni ya watoto," akasema.

Mpaka leo nikilala nalisikia hilo "tuliona."

Ikaletwa ndani ya jagi, jagi linatoa jasho la baridi. Wakamiminiana, wakagonga. Shangazi akanywa, akapangusa mdomo, hakutoa sifa yoyote. Akaisogeza glasi ijazwe tena. Nikamkumbuka Mzee Kanti. Na chupa zangu zilizobaki Mama Suzi akazitupia kwenye barafu bila kuniuliza. Baadaye, mbuzi alipogawiwa, mzee mmoja wa upande wa mume aliichukua moja ikiwa baridi, akala nayo mbavu za mafuta, akasema, "Mbona hii siyo mbaya." Kwa hiyo hata yule wa mbali aliyeandika maneno yale huenda alisema kweli, kwa nyama yake na chumba chake. Mwongo mle ukumbini alikuwa mmoja.

Kalangalala, asubuhi

Nilitaka kuondoka na basi la kwanza bila kuaga. Lakini njia ya stendi inapita mbele ya mgahawa, na Mama Anitha alikuwa anafagia.

"Hujanywa chai," akasema. Akanipa chapati na supu, akakaa mbele yangu na kikombe kitupu mkononi. Kichwa kilikuwa kinamuuma, alisema, lakini kidogo. Shangazi alikuwa amepiga simu alfajiri kuuliza ule ukwaju huwa anauloweka muda gani.

Kisha akauliza, hana utani hata kidogo, anataka kujua, "Sasa wewe, kwa maksi zako, ile juisi ungeipa ngapi?"

Nikaacha kutafuna. "Sijaionja, mama."

"Hata jana?"

"Jana niliona aibu kuigusa."

"Na siku ile kwenye simu, uliposema niiweke kwa watoto?"

Nikainamia supu. Akaenda kwenye friza, akajaza kile kikombe, akakiweka mbele yangu. Nikanywa. Ilikuwa baridi, kali kidogo, tamu kidogo. Alikuwa ananitazama mdomoni kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani, na mimi nikataka sana kumfurahisha.

"Nzuri, mama. Kuna tangawizi kwa mbali, inakuja mwishoni."

"Sijaweka tangawizi, mwanangu."

Hakucheka wala hakukasirika. Alikisogeza tu kikombe karibu yangu kwa kidole kimoja.

Nikanywa tena, polepole. Haikuwa na tangawizi.